Miche minne katikati ya mahindi ya bibi

Shikamoo Shangazi. Bwana Yesu asifiwe.

Mimi ni kijana wa miaka 27, naishi Mafinga. Kazi yangu ni kwenye dingdong, mashine ya kuchana magogo: mchana napokea mbao mashine inapochana, jioni napakia Fuso. Jumapili napiga gitaa la solo kwenye kwaya ya vijana usharikani kwetu, huu ni mwaka wa sita. Pombe sinywi, sigara sijawahi kuweka mdomoni. Ila navuta bangi.

Sivuti kama wale wa kijiweni. Ni msokoto mmoja usiku, nikishaoga na kula, halafu nalala. Siku za mazoezi ya kwaya huwa navuta nusu kabla ya kwenda, maana vidole vinakuwa vyepesi na nasikia sauti zote nne, kila moja kivyake. Sijamwibia mtu, sijagombana na mtu, kodi ya chumba nalipa kwa wakati, na bibi yangu namtumia hela kila mwezi. Nilianza mwaka juzi, baada ya lile gogo kumwangukia rafiki yangu msituni. Kabla ya hapo hata harufu yake nilikuwa siijui.

Mwezi uliopita mwinjilisti wetu alihubiri kwamba bangi ni uchawi. Alisema kuna neno la Kigiriki kwenye Wagalatia lenye maana ya madawa ya kulevya, na kwamba kila anayevuta ana pepo. Nilikuwa nimekaa mbele pale, gitaa mapajani. Kwanza nilijisikia vibaya, baadaye nikakasirika. Mzee wa kanisa aliyekuwa anaitikia "Amina" kuliko wote, jioni ile ile nilimkuta kilabuni na lita ya ulanzi mkangafu, ile pombe kali ya mianzi, mbele yake, na hakuna aliyewahi kumweka nje ya meza ya Bwana. Mimi Biblia nimeisoma, bangi sijaiona. Nimeona Mwanzo 1:29, Mungu ametupa kila mche utoao mbegu. Nimeona Zaburi 104, mvinyo wa kuufurahisha moyo wa mtu. Wenzangu wananionyesha kwenye simu kwamba Kanada wameruhusu, Afrika Kusini wameruhusu, hata Malawi hapo ng'ambo ya Kyela, na huko wako Wakristo wanavuta na wanasali kama kawaida.

Mchumba wangu ni mwalimu wa shule ya Jumapili. Hajui chochote. Tunategemea kupeleka majina ya ndoa kwa mchungaji mwezi wa nane. Na siku hizi sinunui tena: nimeotesha miche minne katikati ya mahindi ya bibi kijijini Kilolo. Bibi nimemwambia ni dawa ya kuku.

Shangazi, niambie ukweli lakini usinihubirie. Ni dhambi, au ni mazoea ya watu tu? Na huyu binti nimwambie, au niache mwenyewe kimya kimya ndipo nimwoe?

Mpiga gitaa, Mafinga

* * *

Marahaba mwanangu. Amina. Kamwene.

Naanza na ile miche. Mengine yote uliyoniuliza yanaweza kungoja hadi mwisho wa jibu hili, ila hilo haliwezi kungoja hadi Jumamosi.

Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015 inasema anayelima bangi akitiwa hatiani kifungo chake ni miaka 30. Haisemi ekari ngapi. Haisemi kwamba miche minne ni ya matumizi ya nyumbani. Na anayeruhusu eneo lake litumike kwa mambo haya naye ana kesi. Sasa shamba ni la nani? Jirani akimwonyesha mgambo mahindi yale, mlango utakaogongwa alfajiri si wako wa Mafinga. Ni wa bibi. Atatoka na kanga yake, atasema "mjukuu wangu aliniambia ni dawa ya kuku," na hakuna hata mmoja pale atakayemwamini. Umeniandikia kwamba hujamdhuru mtu. Mwanangu, umemweka mama mzee mlangoni pa gereza bila yeye kujua, kisha unamtumia hela za sukari. Panda gari uende Kilolo, uing'oe kwa mikono yako, uichome, halafu ukae chini umwambie bibi ilikuwa nini. Hilo la mwisho ndilo zito, nalijua.

Umeomba nisikuhubirie. Lakini wewe ndiye uliyeleta mistari, basi tuisome.

Kuhusu Wagalatia nakuunga mkono kidogo. Neno lile la Kigiriki lilihusu dawa za waganga na wachawi, sumu na makombe ya kumfunga mtu, na Biblia yetu ya Kiswahili imeandika "uchawi." Iko sawa. Mimi nisingeujenga ukuta wangu juu ya mstari huo. Kumwita kijana mchawi kwa sababu ya msokoto ni kumpa sababu ya kuziba masikio hata kwa yale ya kweli yanayofuata, na ndivyo ilivyokutokea siku ile.

Ila Mwanzo 1:29 umeikata katikati. Mstari unaisha kwa kusema mimea hiyo "vitakuwa ndivyo chakula chenu." Ni habari ya chakula, na ni ya kabla ya miiba na michongoma ya sura ya tatu. Sikiliza kisa kingine cha mimea, Wafalme wa Pili sura ya 4. Kulikuwa na njaa, mtu mmoja akaenda shambani kuchuma mboga, akakuta mtango-mwitu, akajaza nguo yake matango, akayakatia sufuriani bila kuyajua. Watu walipoonja wakapiga kelele kumwambia Elisha kwamba mauti imo sufuriani. Mmea ule nao uliumbwa na Mungu yule yule, ukaota kwenye ardhi yake, una mbegu zake. Kuumbwa na Mungu hakuufanyi mmea kuwa wa kuliwa wala wa kuvutwa. Sisi wa Mbeya tunalima pareto, ua zuri jeupe, na kazi yake ni kuua wadudu. Hakuna anayelichemsha chai.

Habari za nje nazo zinyooshe kabla hujaendelea kuzisimulia. Kanada waliruhusu Oktoba 2018, hilo ni kweli. Afrika Kusini, Mahakama ya Katiba iliamua Septemba 2018 kwamba mtu mzima asiadhibiwe kwa kutumia faraghani kwake, haikuruhusu biashara. Malawi walichopitisha mwaka 2020 ni kilimo cha leseni kwa ajili ya dawa na viwanda. Kuvuta kwa starehe Malawi bado ni kosa, kwa hiyo huyo anayekuonyesha simu mwambie asome vizuri kabla hajavuka mpaka pale Kasumulu.

Na ni kweli wako Wakristo kwenye nchi hizo wanaosema kidogo cha nyumbani ni kama glasi moja ya divai, jambo la dhamiri ya mtu, wakinukuu Warumi 14. Sitakudanganya kwamba hawapo au kwamba wote ni wanafiki. Kanisa Katoliki halikubaliani nao: Katekisimu, namba 2291, inasema kutumia dawa za kulevya nje ya tiba ni kosa kubwa, na Juni 2014 Baba Mtakatifu Fransisko alipinga waziwazi kuhalalishwa hata kwa hizi zinazoitwa laini. Mimi ni Mmoravian wa Rungwe niliyeolewa kwa Walutheri wa Uyole, sina katekisimu yenye namba hiyo, lakini hapa nasimama nao, kwa sababu ya mezani tu. Divai mtu anaweza kunywa na chakula akainuka akiwa yule yule. Ndiyo maana Biblia ina Zaburi 104 na ina Waefeso 5:18, "msilewe kwa mvinyo," na vyote viwili vinakaa pamoja bila kugombana. Bangi hakuna anayeivuta kwa kiu, wala kwa ladha. Inavutwa ili stimu ije. Ikikosa kuja, unasema umeuziwa majani makavu.

Yule mzee wa kanisa na lita yake ya mkangafu, hasira yako juu yake ni ya haki. Nimeyaona haya tangu usichana wangu: mabinti wanatengwa kwa mimba, vijana wanasemwa madhabahuni kwa bangi, na wazee wanaoyumba njiani kutoka kilabuni wanasalimiwa "shikamoo baba." Kanisa linalopima namna hiyo linajiibia heshima yake, na wachungaji wanaosoma safu hii nawaomba walitazame jambo hili kabla ya kuhubiri tena habari za pepo. Lakini ulevi wa mzee ni deni la mzee. Haukulipii lako.

Mstari ambao ningependa ukae nao ni mwingine, Wakorintho wa Kwanza 6:12. "Vitu vyote ni halali kwangu, lakini mimi sitatiwa chini ya uwezo wa kitu cho chote." Tuseme leo Bunge pale Dodoma libadilishe sheria, tuseme hakuna mstari hata mmoja unaoitaja bangi. Ningekuuliza hivi: tangu mwaka juzi, ni usiku gani ulilala bila msokoto? Ni mazoezi gani ya kwaya uliyokwenda mikono mitupu? Hukuandika "mara nyingine." Uliandika kila usiku, na nusu kabla ya mazoezi. Ulikuwa na wauzaji ukaona hawatoshi, ukaotesha mwenyewe. Umemdanganya bibi, na unamficha mwanamke unayetaka kula naye kiapo. Hiyo ndiyo picha ya mtu aliyetiwa chini ya uwezo, hata kama kodi inalipwa kwa wakati.

Sasa nifike pale ambapo wewe ulipita mbio.

"Baada ya lile gogo kumwangukia rafiki yangu msituni." Umeandika sentensi moja, ukarukia habari nyingine. Hukuniambia jina lake, wala kama ulikuwepo, wala kama alifia pale au njiani. Nilifanya kazi ya unesi miaka 31, nimepokea watu wa magogo, na nimewaona wenzao waliowaleta wakiwa wamekaa kwenye benchi la nje, maranda bado yamo kwenye nywele, mikono inatetemeka, na hakuna anayewauliza neno kwa sababu hawana jeraha. Tunawapa fomu wasaini. Kesho yake wako kazini. Nadhani wewe ulikuwa kwenye benchi hilo, mwanangu. Na nadhani msokoto wa usiku ulianza kwa sababu ukifumba macho unasikia mlio wa mti unapokatika.

Kama ni hivyo, hukuwa unatafuta starehe. Ulikuwa unatafuta dawa ya maumivu, na mimi siwezi kumwita mtu mwovu kwa kutafuta dawa ya maumivu. Nimechoma sindano za morfini nyingi mno kusema hivyo. Mithali 31:6 yenyewe inasema apewe kileo aliye karibu na kupotea. Lakini tulichofundishwa wodini ni kwamba hufungi bendeji juu ya uchafu. Kwa nje panaonekana pasafi, mgonjwa analala, na chini yake usaha unatembea. Siku ya tano unafungua, harufu inajaza chumba. Wewe umefunga bendeji kila usiku tangu mwaka juzi na hakuna aliyewahi kukifungua kidonda.

Marko 15:23 imenikaa moyoni tangu wakati ule wa unesi. Kabla hawajamsulibisha, Bwana alipewa mvinyo uliotiwa manemane, kitu cha kufisha maumivu, naye hakupokea. Sidhani alikataa ili tuone aibu kuomba panadol. Lakini naona pale hakuyakimbia maumivu yake, aliyapitia akili ikiwa macho, na ndani ya maumivu yale alimwona mama yake amesimama, akamkabidhi kwa Yohana. Nami nakuuliza: mama wa rafiki yako yuko wapi? Umemwona mara ngapi tangu mazishi?

Nikwambie la kwangu. Mdogo wangu wa mwisho alianza kuvuta akiwa na miaka 16, pale Uyole. Naye alikuwa mpole, hagombani na mtu. Akiwa na miaka 20 niliingia chumbani kwake asubuhi nikamkuta amekata waya wa redio vipande vidogo vidogo vilivyolingana, amevipanga mezani kama njiti za kiberiti. Akaniambia kwa sauti ya chini, kwa adabu kabisa, kwamba redio imekuwa ikimtaja jina. Hakuwa amevuta siku hiyo. Alilazwa mara tatu. Leo yuko hai, anachunga ng'ombe wawili, lakini yule aliyekuwa anakokotoa hesabu za darasa zima hakurudi. Siwaambii watu kwamba kila anayevuta atafika huko, maana si kweli. Wengi hawafiki. Kwa wanaoigusa, karibu mmoja kati ya 10 hunaswa, na wakianza utotoni hukaribia mmoja kati ya 6. Wanaovuta kila siku, kama wewe, wana hatari kubwa zaidi. Kuchanganyikiwa akili huwapata wachache, zaidi wenye ugonjwa huo kwenye ukoo, na wengi wetu hatujui ukoo wetu unaficha nini. Kwenu kuna mtu ambaye habari zake zinasemwa kwa kunong'ona? Muulize bibi siku hiyo hiyo ya miche.

Na halafu kuna dingdong. Bangi hupunguza kasi ya mkono na macho, na anayevuta kila usiku asubuhi hujiona mzima kuliko alivyo. Msumeno haujui kama usingizi umekuisha.

Kuhusu gitaa, sitabishana nawe kwamba unasikia sauti zote nne. Ila ulipiga miaka mitatu kabla ya mwaka juzi, na walikuweka kwenye solo, hivyo masikio unayo. Kinachokuja na nusu msokoto ni kutoogopa. Omba mwalimu wa kwaya akurudishe gitaa la besi kwa miezi miwili, ukae nyuma, upige taratibu mikono ikiwa mitupu. Wanamuziki wazuri wengi wamewahi kukaa hapo.

Kuacha kuna siku zake, nakutajia ili usishtuke. Wiki ya kwanza ndiyo ngumu. Usingizi utakimbia, utatoka jasho usiku, chakula kitakuwa kama maranda, na utamjibu mtu vibaya bila sababu. Ndoto zitarudi kwa nguvu, na kwa kweli nahofia hizo kuliko mengine, kwa sababu najua utamwota nani. Karibu wiki mbili mwili unatulia. Usingizi na ndoto vinaweza kuchelewa zaidi. Usikae peke yako chumbani siku hizo, nenda ukalale kwa kaka au kwa rafiki asiyevuta. Usipokee ahadi ya dawa ya kukata bangi. Ile methadoni wanayopewa watu Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya ni ya walionaswa na heroini, si yako. Unachohitaji ni mtu wa kuzungumza naye kuhusu ajali. Nenda hospitali, uulizie kitengo cha afya ya akili, na neno la kwanza liwe "rafiki yangu aliangukiwa na gogo," siyo "navuta bangi." Hilo la pili litakuja lenyewe.

Mchumba umwambie. Si baada ya ndoa, wala wiki ya matangazo wakati kanga zimeshanunuliwa na shangazi zake wameshapanda basi. Mwambie mwezi huu, mchana, mahali ambapo anaweza kuinuka akaenda zake. Usimwambie "nilikuwa navuta." Mwambie "navuta, nimeanza kuacha tarehe fulani, na nilianza kwa sababu hii." Anaweza kusema tusogeze majina hadi mwakani. Kubali. Anaweza kusema basi, na hiyo ni haki yake. Lakini usipange kuacha kimya kimya, kwa sababu wiki ile ya jasho na hasira yeye ndiye atakayekuwa wa kwanza kuiona, naye atadhani umempata mwingine.

Mchungaji aje baada ya bibi na mchumba. Kama unaogopa kutajwa mbele ya usharika, mwombe kwanza akusikilize kama mchungaji, si kama mwenyekiti wa baraza la wazee, na kama usharikani kwenu hilo haliwezekani, tafuta mchungaji mwingine wa dayosisi unayemwamini. Umeniuliza kama ni dhambi. Kwa unavyoifanya wewe, kwa uongo uliouzungushia na kwa bibi uliyemweka hatarini, naam, ni dhambi, na imesamehewa watu wengi kabla yako. Gogo halikuwa dhambi yako. Hayo mawili nadhani umeyachanganya usiku baada ya usiku, na ningefurahi mchungaji ayatenganishe nawe, uso kwa uso.

Ukitoka Kilolo, pitia kwa mama wa rafiki yako. Chukua kilo mbili za sukari na gitaa. Kama huna la kusema, kaa tu jikoni kwake hadi chai ichemke, naye atakuuliza mwenyewe siku ile ilikuwaje. Halafu niandikie, na safari hii uniambie jina lake nani.

Shangazi